Miezi Kumi na Minane: Kiongozi na Jukwaa Wakati wa Dhiki

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wenezi wa matawi)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kuhutubia. Twajua wengine wenu mmekuja na madaftari, mkitumaini kuandika namna ya kushika kipaza sauti, wapi pa kupaza na wapi pa kushusha, na salamu ya Chama irudiwe mara ngapi. Hayo mwayajua kutushinda. Baadhi yenu mlikuwa mkipanda majukwaani hata sisi hatujazaliwa. Tulilokuja nalo ni jambo moja tu: kiongozi aseme nini wakati nchi ina dhiki, bei zimepanda, duka ni tupu, na watu wamekusanyika mbele yake wakimtazama mdomo?

Wakati wa neema kila mtu ni msemaji. Mvua ikinyesha vema na pamba ikinunuliwa kwa bei ya kufaa, hata hotuba mbaya hupigiwa makofi, na ngoma ikianza kulia hakuna akumbukaye kilichosemwa. Lakini mtu mwenye njaa husikiliza sana. Hukumbuka kila neno. Akirudi nyumbani huliweka neno lile pamoja na madeni yake mengine.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana si haki kuyasema ya wakubwa tukayaficha ya kwetu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza mwezi Februari, bei ya mafuta na ya mbolea ilipanda katika dunia nzima, na wakulima wetu wakaionja. Mwezi Agosti Serikali ikatangaza ruzuku ya mbolea. Sisi, kwa furaha ya vijana, tukaitisha mkutano wa hadhara katika kata yetu, tukasema kwa sauti kubwa kwamba kabla ya wiki mbili mbolea ya ruzuku itakuwa imefika kwa wakala wa hapo hapo. Nani alituambia wiki mbili? Hakuna. Tuliwaona watu wamenyamaza, tukauogopa ule unyamavu, tukautupia tarehe kama mtu amtupiavyo mbwa mfupa. Wakapiga makofi. Tukarudi nyumbani tumeridhika.

Wiki mbili zikapita, na ya tatu ikapita. Mvua za kwanza zikaanguka. Mkutano uliofuata walikuja watu 11, na katika hao watatu walikuwa wajumbe wetu wenyewe. Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, amekaa chini na jembe lake kando, akangoja mpaka tumemaliza. Kisha akasema, "Wanangu, mimi sikuwauliza lini. Mlisema wenyewe."

Ndugu zangu, neno hilo lilitukosesha usingizi. Hakutulaumu kwa kuwa mbolea imechelewa. Alijua magari huharibika na meli huchelewa. Alitulaumu kwa ile tarehe. Tangu siku hiyo tukaanza kuwauliza wazee, na kusoma kwa kadiri ya uwezo wetu, ili tujue wale waliotutangulia walisemaje wakati wa shida kubwa kuliko hii yetu. Na shida kubwa kuliko zote ambazo wazee wa nchi hii wanazikumbuka ni ile ya miaka ya mwisho ya uongozi wa Mwalimu Nyerere, tangu 1977 hivi mpaka 1985.

Vijana wenzetu wameisikia kama hadithi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana, ikaanguka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka yakaingia Kagera. Mwaka 1979, wakati vita vikiendelea, bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Vita peke yake, hesabu inayotajwa sana ni kiasi cha dola za Kimarekani milioni 500. Juu ya hayo ukaja ukame. Basi sabuni ikawa bidhaa adimu, na sukari, na mafuta ya kupikia, na khanga, na betri za redio. Watu walifulia majani ya mpapai. Walikula unga wa mahindi ya njano ya msaada, wakauita unga wa Yanga, maana Mswahili hata akiwa na njaa hakosi utani. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea siku ya Jumapili tangu saa nane mchana. Mtu alilala kwenye foleni ya duka, na asubuhi akiambiwa vitu vimekwisha alirudi nyumbani kimya.

Katika hali hiyo kiongozi alifanya nini? Alisema. Hilo ndilo la kwanza la kuliona. Alisema na wazee wa Dar es Salaam, alisema Mei Mosi na wafanyakazi, alisema na mabalozi, alisema redioni, akaenda mikoani akasema huko. Wengi wakibanwa hujificha ofisini wakamtuma msaidizi asome karatasi. Yeye hakujificha. Lakini si kila alichokisema kilikuwa na uzito mmoja, na sisi tuliosomea ualimu yatupasa kusahihisha daftari la mwalimu pia, kwa adabu.

Hotuba ambayo kila mtu aijua ni ile ya tarehe 2 Novemba 1978, mbele ya wazee katika ukumbi wa Diamond Jubilee, alipotangaza kwamba tutampiga Amin. Alitaja mambo matatu: uwezo, sababu, na nia. Twasema hotuba hii ilikuwa na nguvu si kwa sababu ya sauti, ingawa sauti ilikuwako. Ilikuwa na nguvu kwa kuwa kila kimoja cha yale matatu kilikuwa mkononi mwake au mkononi mwa wale waliomsikiliza. Uwezo ulikuwa jeshi na vijana waliojitolea. Sababu kila mtu aliiona Kagera. Nia ilikuwa vifuani mwa watu wenyewe. Tena hakusema vita vitakwisha lini. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema imechelewa au imewahi.

Vita vilipokwisha akawaambia wananchi wafunge mikanda miezi 18. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Tulimwuliza mzee mmoja wa tawi letu, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule: je, mzee, mlipoambiwa miezi 18 mlihesabu? Akacheka. "Tulihesabu, kwa nini tusihesabu? Nilikuwa na kalenda ya ukutani, nikawa nakata kila mwezi kwa penseli. Ulipofika wa 18 nikaenda dukani kutazama. Nikakuta kopo la nyanya la ng'ambo na mwenye duka. Nikarudi nikaendelea kukata. Baadaye nikaacha." Mwaka 1981 Serikali ilikuwa ikitunga mpango mwingine wa kuunusuru uchumi, na miaka miwili mbele foleni zilikuwa ndefu kuliko za mwanzo.

Kwa nini hotuba ya kwanza ilisimama na hii ikayumba, hali mdomo ni ule ule na watu ni wale wale? Kwa sababu miezi 18 haikuwa mkononi mwake. Bei ya mafuta ilikuwa mikononi mwa wenye visima. Bei ya kahawa na mkonge na pamba iliamuliwa katika masoko ya ng'ambo, na mvua ina mwenyewe. Kiongozi aweza kuamuru jeshi livuke mto Kagera. Hawezi kuamuru pipa la mafuta lishuke bei. Alipoutaja mwezi wa kumi na nane aliwawekea watu rehani kitu cha mtu mwingine. Twasema hivi bila kumvunjia heshima, maana na sisi tulifanya kosa lilo hilo, tena letu lilikuwa dogo na la kijinga zaidi: yeye angalau alikuwa anatoka vitani.

Na ili msidhani jambo hili ni la Waafrika peke yao, tutoke nyumbani kidogo twende Marekani, katika ule mdororo mkubwa ulioanza mwaka 1929. Tarehe 1 Mei 1930 Rais Herbert Hoover alisimama mbele ya wafanyabiashara akawaambia kwamba anaamini lililo baya kabisa limekwisha kupita. Halikupita. Liliendelea kuja, na kufika 1933 katika kila wafanyakazi wanne mmoja hakuwa na kazi. Watu walilikumbuka neno lake, kama mama yule alivyolikumbuka letu.

Aliyemfuata, Franklin Roosevelt, aliapishwa tarehe 4 Machi 1933 akakuta mabenki yanakimbiwa. Kila mtu alitaka fedha zake azifiche chini ya godoro. Akayafunga mabenki yote. Kisha Jumapili usiku, tarehe 12 Machi, akasema redioni, na inakadiriwa watu milioni 60 walimsikiliza. Hakuwaambia kwamba neema inakuja. Aliwafundisha kwanza benki ni kitu gani: kwamba fedha yako ukiipeleka haikai ndani ya sanduku ikikungoja, bali hukopeshwa watu wengine, wajenge na kulima, na ndiyo maana benki njema pia huanguka ikiwa wote watadai siku moja. Baadaye akataja siku. Kesho Jumatatu yatafunguliwa mabenki ya miji fulani, Jumanne ya miji fulani, mengine baadaye, na akasema wazi kwamba mengine hayatafunguliwa mara moja. Tazameni hapo, ndugu makatibu. Yeye naye alitoa tarehe! Lakini ilikuwa tarehe ya mlango ambao ufunguo wake alikuwa nao mfukoni. Jumatatu ilipofika watu walipanga foleni kurudisha fedha zao. Dhiki yenyewe haikwisha, ilidumu miaka mingine mingi, ila watu walikuwa wamejua kwamba mtu huyu akisema Jumatatu ni Jumatatu. Tena hakuwa akisema kila siku. Hotuba zake za namna ile katika miaka kumi na zaidi zilikuwa kama 30 tu. (Sisi kuna wiki tunafanya mikutano mitano, na katika minne hatuna la kusema.)

Turudi nyumbani. Ikiwa Mwalimu alikosea katika miezi 18, mbona watu hawakumtupa? Tulimwuliza mzee yule swali hilo pia. Akajibu, "Kwa sababu alirudi. Angetuambia miezi 18 halafu akanyamaza, tungemchukia. Alirudi akasema bado, na akasema kwa nini bado."

Na namna alivyosema kwa nini ndiyo inayotufaa sisi zaidi. Alikuwa mwalimu. Hakuwatupia watu maneno ya wachumi. Alikuwa akipenda kupima trekta kwa mkonge: zamani ukitaka trekta moja ulitoa tani kadha za mkonge, leo trekta ile ile, yenye magurudumu yale yale, yadai mkonge maradufu na zaidi. Mkulima ambaye hakuingia darasani hata siku moja aliielewa hesabu hiyo akaipeleka nyumbani kwa mkewe. Chuoni tulifundishwa kwamba hesabu ya kutoa hufundishwa kwa mbegu za maharage kabla ya kuandika ubaoni. Basi mkonge na trekta zilikuwa mbegu za maharage. Mtu akielewa kinachomla hapungukiwi njaa, lakini hamshuku jirani yake.

Tarehe 1 Januari 1980, alipokutana na mabalozi kwa salamu za mwaka mpya, alisema maneno makali juu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo wazee wamezoea kuliita IMF. Shirika hilo lilitaka tushushe thamani ya shilingi, tupunguze matumizi ya Serikali, tuache kudhibiti bei, ndipo litukopeshe. Yeye akauliza tangu lini shirika hilo limekuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Wengi wetu tukisoma swali hilo twasimama kwa fahari, na fahari hiyo ni ya haki. Wageni waliambiwa waziwazi kile ambacho wananchi walikuwa wakiambiwa. Hapakuwa na maneno ya sebuleni na maneno ya uani. Ila fahari haifulii nguo. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alikuwa amejiuzulu mwishoni mwa 1979 kwa kutokubaliana juu ya jambo hilo hilo, na mwezi Agosti 1986, Mwalimu akiwa amekwisha kung'atuka, Serikali ya Rais Mwinyi ilitia sahihi mkataba na shirika lile, na shilingi ikashushwa. Aliyekuwa na haki zaidi katika ugomvi ule wachumi wanabishana mpaka leo, nasi hatutaumaliza hapa kabla ya chai.

Kuna upande mwingine wa jukwaa la wakati wa dhiki ambao ni wa hatari, nao ni kuonyesha kidole. Mwaka 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu waliokuwa wameficha shehena walikuwako, hilo si uongo, na wananchi waliokuwa wakilala kwenye foleni waliufurahia sana msako ule. Lakini wazee watakwambia kwamba usiku watu walitupa sabuni vichakani na kumwaga sukari, watu wadogo kabisa, waliokuwa na miche miwili mitatu ya sabuni kwa ajili ya arusi ya binti. Neno likitoka jukwaani kwamba adui yuko miongoni mwetu, kila mtu hutazama uvunguni kwa jirani. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya Juni 1984, Serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi, na vitu vikaanza kuonekana madukani. Basi twajifunza kwamba mlanguzi alikuwa sehemu ya shida, wala hakuwa shida yote. Leo bei ya sukari ikipanda katika kata yako, ndugu katibu, usiharakishe kumtaja mwenye duka kwa jina mbele ya umati. Nenda kwanza kamwulize amenunua kwa bei gani. Huenda ukakuta yeye naye ameumia.

Kitu ambacho sisi twakithamini kupita hotuba zote hizo hakikusemwa kwa kelele hata kidogo. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, Mwalimu aliandika taarifa kwa Chama akapima kilichotendeka na kisichotendeka, akakiri kwamba nchi bado si ya kijamaa na bado haijitegemei. Fikirini mtu aliyelitangaza Azimio lile mwenyewe! Wakati ule angeweza kutaja shule na zahanati tu, maana zilikuwako na zilikuwa nyingi, akapigiwa makofi akaenda zake. Na mwaka 1984 alikiri waziwazi kwamba kuvunja serikali za mitaa, mwaka 1972, na vyama vya ushirika, mwaka 1976, yalikuwa mambo ambayo kama angeanza upya asingeyafanya. Wakulima walikuwa wameyasema hayo muda mrefu. Kuyasikia kutoka kwake ni jambo jingine.

Sasa mtatuuliza: ninyi mlifanya nini baada ya watu wale 11?

Tulikaa kikao kifupi. Mmoja wetu akashauri tungoje mbolea ifike ndipo tuitishe mkutano, tuwe na habari njema. Twakiri kwamba ushauri huo ulitupendeza. Lakini tukaona tukingoja, tutakuwa tunawafundisha watu kwamba Chama huja pamoja na lori. Tukaenda kwanza kwa wakala, tukamwuliza ameagiza mifuko mingapi, ameletewa mingapi, na ni ya kupandia au ya kukuzia. Tukaandika katika karatasi. Tukauliza wangapi katika kata wamejiandikisha, maana bila kujiandikisha mtu hapati bei ya ruzuku, tukakuta wengi hawajui hata hilo, kwa kuwa katika mkutano wetu wa kwanza tulitumia muda wote kwa nyimbo na ile tarehe.

Tukaitisha mkutano bila ngoma. Walikuja watu kiasi cha 30. Tukasimama tukasema, "Ndugu wananchi, tuliwaambia wiki mbili. Hatukuambiwa na mtu, tulisema wenyewe. Tulikosea." Pakawa kimya, kimya kile kile tulichokiogopa mara ya kwanza, na safari hii tukakiacha kikae. Kisha tukasoma ile karatasi: mifuko iliyoletwa, mifuko iliyobaki, bei yake, na namna ya kujiandikisha.

Mama yule alikuwako. Akauliza, "Na hiyo iliyobaki itafika lini?"

Tukamjibu, "Mama, hatujui. Tukijua tutakuja kukuambia nyumbani kwako."

Akatutazama. Kisha akasogeza jembe lake, akainuka, akaja mpaka mezani. "Haya," akasema, "basi andikeni jina langu."